Injini Inayokatakata na Kutulia: Jinsi ya Kunasa Kasoro katika Gari la Zamani Mjini Bukavu

Kati ya kasoro zote za gari lililotumika miaka mingi, ile ya injini inayokatakata leo na kutulia kesho ndiyo inayomaliza fedha za watu, kwa kuwa inamlazimisha fundi kupiga ramli. Gari linakosa moto likipanda kwenda Kadutu, moja ya komuni za mji huu, linafikishwa gereji likiwa limetulia kabisa, fundi analiwasha, anakanyaga mafuta mara mbili tatu, hasikii kitu. Basi zinanunuliwa bujii mpya (zile zinazotoa cheche ndani ya silinda), juma linalofuata inanunuliwa bobini (inayokuza volti za cheche hiyo), baadaye pampu ya esansi, yaani petroli, na kasoro ingali palepale. Njia inayoelezwa hapa ni ya kuchelewa kununua: kifaa hakibadilishwi mpaka kasoro imenaswa ikitendeka, imejulikana iko kwenye silinda ipi, na imejulikana kama inatokana na umeme, esansi, hewa au mbano wa ndani ya silinda. Inachukua saa chache zaidi mwanzoni, lakini vipimo vyake vingi havigharimu chochote.

Injini ya mipigo minne hulipua mchanganyiko katika kila silinda mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwenye ralanti, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa, kwa mizunguko kama 800 kwa dakika, kila silinda inapaswa kulipuka mara 400. Mlipuko mmoja ukikosekana, utahisi mtikiso mdogo kwenye usukani. Ikikosekana mingi mfululizo, nguvu hupotea na moshi hunuka esansi. Na kama gari lina katalisti, kifaa cha kusafisha moshi, ndani ya bomba la moshi, esansi isiyoungua huingia humo na kuipasha joto mpaka iharibike. Kwa hiyo gari linalokatakata sana lisitembezwe siku nyingi kwa kungoja mwisho wa mwezi.

Maelezo yanayofuata yanahusu hasa magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 yenye delko (kigawanya umeme kwa bujii zote, kwa zamu), na yale ya mwanzo wa miaka ya 2000 ambayo kila bujii ina bobini yake, kwani ndiyo yanayojaa barabarani mwetu. Wenye magari ya kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya esansi na hewa, watakuta mambo yao njiani.

Vifaa na tahadhari

Utahitaji ufunguo wa bujii, bisibisi ndefu, koleo lenye mpini wa mpira, multimeta ya bei ya kawaida, taa ya mkononi, chupa ya kupulizia maji kama ile ya vinyozi, na daftari. Geji ya mbano na geji ya presha ya esansi unaweza kuziazima gereji, kwa kuwa hutazihitaji kila siku. Egesha gari mahali tambarare, jambo ambalo mjini kwetu linadai kutafutwa, weka mawe nyuma ya magurudumu, na usiwashe injini ndani ya nyumba iliyofungwa, maana moshi wake una gesi inayoua bila kutoa harufu ya kukuonya. Umeme wa bujii hupita volti 20,000: mtu mwenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani asisogee karibu kabisa, na wengine wasishike waya wa bujii kwa mkono mtupu injini ikizunguka. Kitenge, tai na mikono mirefu iliyolegea vikae mbali na mikanda.

Hatua ya kwanza: jua inakosa lini

Fundi mwangalifu humkalisha kwanza mwenye gari na kumuuliza: "Papa, inakatakaka wakati gani?" Akijibiwa, "Ikishapata moto, napanda Kadutu, njo inaanzaka," nusu ya mambo yanayoweza kuwa chanzo yamekwisha kuondoka mezani. Mwenye gari anayejitengenezea mwenyewe naye ajiulize hivyo hivyo, na aandike majibu kwa siku kadhaa: injini ilikuwa baridi au moto, mvua ilikuwa imenyesha, tanki lilikuwa na kiasi gani, esansi ilinunuliwa wapi, barabara ilikuwa mpando au mteremko.

Ikiwa inakosa asubuhi baada ya usiku wa mvua, kisha ikapata moto na kutulia, shaka iende kwenye unyevu: kofia ya delko yenye ufa, nyaya za bujii zilizozeeka, mipira iliyokauka. Mvua za Kivu ya Kusini huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, kwa hiyo kasoro ya aina hii inaweza kulala Juni na Julai nzima na mtu akadhani imepona. Kama inakosa kila asubuhi hata kiangazi, kwa dakika moja hivi, ikitoa moshi mweupe, na maji ya radieta yanapungua bila kuonekana yanakovujia, usianze na bujii. Hiyo ni dalili ya jwenti ya kulasi, ile inayokaa kati ya bloku na kichwa cha injini: maji hupenya usiku ndani ya silinda moja, na asubuhi silinda hiyo inawaka ikiwa imelowa.

Ikiwa inakosa kwenye ralanti tu na kutulia unapokanyaga, fikiria hewa inayopenya mahali pasipostahili, au valvu isiyofunga vizuri. Ikiwa imeanza saa ileile ulipotoka kujaza, fikiria esansi. Ikiwa imeanza baada ya kuosha injini kwa maji ya presha, fungua visima vya bujii kabla ya kufikiri lolote jingine, kwani huenda maji yamesimama humo.

Kasoro ya mpando inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo yetu zaidi. Unapokanyaga mafuta hadi chini katika mpando, silinda hujaa hewa na mbano huwa mkubwa, na kadiri mbano unavyokuwa mkubwa ndivyo cheche inavyohitaji volti nyingi kuruka nafasi iliyo kati ya ncha za bujii. Umeme unaotosha kwenye tambarare unashindwa hapo, na badala ya kuruka ndani ya silinda hutafuta njia rahisi: ufa wa kofia, mpira wa waya, kauri ya bujii. Lakini mpando pia ndipo esansi nyingi inapohitajika, hivyo filta iliyoziba huonyesha udhaifu wake palepale. Tofauti huhisiwa mguuni. Umeme ukikosekana, gari hupigapiga kwa ghafla, kwa mishtuko mikali, na pengine mlio hutoka kwenye bomba la moshi. Esansi ikipungua, gari huzama polepole kama lililobeba mzigo usioonekana, na ukiachia kanyagio kidogo nguvu hurudi.

Kuna jambo jingine ambalo madereva wengi hawalitazami, nao ni mshale wa mizunguko ya injini kwenye tablo, yaani dashibodi, kama gari linao. Katika magari mengi ya delko mshale huo hupata habari zake kutoka upande wa volti ndogo wa bobini. Injini ikikatakata na mshale ukaanguka ghafla kuelekea sifuri huku gari lingali linakwenda na gia imeingia, umeme unakatika kabla hata ya kufika kwenye bobini: swichi, waya, kifaa cha elektroniki cha kuwashia, au kihisi kilicho ndani ya delko. Mshale ukitulia wakati injini inapigapiga, tafuta baada ya bobini, au kwenye esansi.

Hatua ya pili: ilazimishe ijitokeze

Kasoro ambayo haijatendeka mbele yako usiitengeneze. Bahati nzuri Bukavu haina uhaba wa mipando. Chagua mmoja usio na watu wengi, pasha injini moto kamili, ingiza gia ya tatu kwa mwendo mdogo, kama kilomita 35 au 40 kwa saa, kisha kanyaga mafuta hadi chini kwa sekunde chache. Gia ya juu na mzunguko mdogo ndivyo vinavyoupa umeme wa bujii mtihani mgumu kuliko vyote. Kupanda kwa gia ya kwanza huku injini inapiga kelele hakukufundishi kitu. Mwenzako akae kando akitazama mshale na kuandika, ili wewe utazame barabara.

Kwa kasoro ya unyevu, subiri giza. Egesha, washa injini, fungua boneti, zima taa zote, kisha pulizia ukungu mwembamba wa maji juu ya nyaya za bujii, mmoja baada ya mwingine, halafu kwenye kofia ya delko na bobini. Usimwage maji; ukungu tu unatosha. Waya uliochoka utaonyesha nyuzi ndogo za buluu zikirukia chuma kilicho karibu, na utasikia kitu kama vijiti vikavu vikivunjwa, tik, tik, tik, sambamba na mtikiso wa injini. Mahali palipotoa mwanga ndipo pa kubadilisha. Kipimo hiki kisifanywe kama kuna harufu yoyote ya esansi inayovuja.

Kama taa ya injini imewahi kuwaka, soma kumbukumbu ya kompyuta. Gari linalofuata mfumo wa OBD2, uliolazimishwa kwa magari mapya ya Marekani tangu 1996 na kwa ya esansi Ulaya tangu 2001, litakupa namba kwa skana ndogo: P0300 inasema silinda zinakosa bila mpangilio, na P0301 hadi P0304 zinataja silinda yenyewe. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasikilizani na skana hizo za bei rahisi hata kama soketi inafanana. Toyota za zamani zina njia yake: ndani ya kijisanduku cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSTIC, kwenye chumba cha injini, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, na uhesabu miwako ya taa kwenye tablo. Miwako iliyolingana isiyokoma inasema hakuna kosa lililohifadhiwa. Mmoja, kisha kituo kifupi, kisha minne, ni 14, yaani ishara ya kuwashia inapotea. 12 inasema ishara ya mzunguko wa injini ndiyo inayopotea. Hakikisha umesoma majina kwenye kifuniko kabla ya kuunganisha, maana tundu la +B lina umeme wa betri na ukiligusisha na E1 utaunguza fyuzi au kitu cha bei kubwa zaidi.

Hatua ya tatu: tafuta silinda

Kasoro ikishajitokeza kwenye ralanti, chomoa soketi ya injekta moja, kile kifaa kinachopulizia silinda esansi, sikiliza, rudisha. Chomoa ya pili, na kuendelea. Silinda iliyo nzima ukiikatia esansi, injini hudhoofika waziwazi. Silinda ambayo ukiikata hakuna kinachobadilika ndiyo mgonjwa wako. Wengine huchomoa waya wa bujii badala ya soketi ya injekta, na hawafanyi vema: umeme uliokosa njia unaweza kuharibu bobini na kifaa chake cha elektroniki, na esansi isiyoungua inaendelea kumiminika ndani ya katalisti. Gari la kabureta halina soketi ya injekta, kwa hiyo hapo waya huchomolewa kwa koleo lenye mpira na kugusishwa mara moja kwenye chuma cha injini.

Kwa kasoro ya asubuhi kuna njia ya haraka. Injini ikiwa baridi kabisa, ondoa bati la kukinga joto juu ya matawi ya moshi, washa, subiri kama nusu dakika, kisha dondoshea tone la maji juu ya kila tawi. Kwenye matatu maji yatachemka na kutoweka. Kwenye la silinda inayokosa yatabaki, au yatachelewa. Usitumie maji mengi, na usifanye hivyo injini ikiwa moto sana, kwa kuwa chuma cha kusubu hupasuka.

Sasa fanya mabadilishano, na hapa ndipo uvumilivu unapookoa fedha. Tuseme silinda ya tatu ndiyo inayokosa na gari lako lina bobini nne. Hamishia bobini ya tatu kwenye ya kwanza, na ya kwanza kwenye ya tatu, usiguse kitu kingine, kisha rudi kwenye mpando uleule. Kosa likihamia silinda ya kwanza, bobini imejifichua. Likibaki kwenye ya tatu, sasa hamisha bujii. Likibaki tena, hamisha injekta, au anza kufikiria mbano. Kitu kimoja kwa safari moja, na kila uhamisho uandikwe. Anayehamisha bobini na bujii kwa pamoja hatajua ni kipi kilichompa jibu.

Hatua ya nne: umeme wa bujii

Fungua bujii zote injini ikiwa imepoa, na uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda zake. Puliza kwanza uchafu ulioko visimani, usije ukadondokea ndani. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni nzuri. Masizi meusi makavu yanaonyesha esansi nyingi au cheche dhaifu. Bujii iliyolowa esansi haikuwaka kabisa. Iliyolowa oili inataja pete za pistoni au mipira ya valvu. Moja ikiwa safi mno, nyeupe kama iliyooshwa, wakati zile tatu zina rangi ya kawaida, rudi kwenye shaka ya maji na kulasi.

Usitazame ncha peke yake. Geuza bujii polepole chini ya taa na utazame kauri nyeupe iliyo juu ya nati. Mstari mwembamba mweusi au wa kijivu unaoshuka kutoka juu hadi kwenye chuma ni njia ambayo umeme umejitengenezea nje ya bujii, na ukitazama ndani ya mpira wa waya au wa bobini utakuta mstari kama huo ukiukabili. Vyote viwili vibadilishwe, kwa maana ukibadilisha bujii peke yake mstari ulioko kwenye mpira utachora mwingine juu ya bujii mpya. Mduara wa kahawia pale kauri inapoingia kwenye chuma, kwa upande mwingine, hauna madhara. Watu wengi wametupa bujii nzima kwa sababu yake.

Katika injini za Toyota zenye shafti mbili juu, visima vya bujii hupita katikati ya kifuniko cha valvu, na mipira yake ikizeeka oili hujaa humo. Ukitoa waya ukatoka ukiwa na oili hadi mwisho, chanzo kinaweza kuwa hicho tu: oili hulainisha mpira, na mpira uliolainika hauwezi tena kuzuia volti. Badilisha mipira ya visima kwanza, ndipo nyaya.

Nafasi ya bujii ipimwe kwa kipimo chake. Magari ya zamani hudai kama milimita 0.8, mengine ya elektroniki 1.1, fuata kitabu cha gari lako au kibandiko kilicho chini ya boneti. Bujii bandia zimejaa masoko yote, na huwezi kuzikwepa kwa kutazama boksi. Tazama kama ncha ya pembeni imekaa sawasawa juu ya ile ya katikati, kama nyuzi za skrubu ni laini, na kama zote nne zina nafasi inayofanana zikitoka kwenye boksi. Zikitofautiana, zirudishe.

Nyaya za bujii hupimwa kwa multimeta, kutoka mwisho hadi mwisho. Kwa Toyota nyingi za delko kikomo ni kilo-omu 25 kwa waya mmoja. Uupinde na kuuzungusha waya wakati unapima, kwa kuwa waya uliokatika ndani hugusana ukinyooshwa na kuachana ukipindwa. Kofia ya delko ifunguliwe na kutazamwa kwa taa ya pembeni: nyufa nyembamba, mistari ya kaboni kati ya nguzo, unga mweupe au wa kijani juu ya nguzo zenyewe, na kile kijiti cha kaboni cha katikati kama bado kinasukumwa na springi yake. Shika pia shafti ya delko na uitikise kwa upande. Ikicheza, beringi zimeisha na moto utaruka kwa wakati usiofaa hata kofia ikiwa mpya. Wenye magari ya platini, ile swichi ya zamani ndani ya delko inayokata na kuunganisha umeme wa bobini, waangalie nafasi yake, ambayo mara nyingi ni kama milimita 0.4, na kondensa inayofanya kazi nayo.

Bobini ni msumbufu, kwa sababu ikiwa baridi hupimika vizuri na ikipata moto hukatika. Ipime mara tu baada ya kosa kutokea, kabla haijapoa. Watu hupenda kulaza bujii juu ya injini, kuzungusha stata, na kuridhika wakiona cheche. Cheche hiyo haithibitishi kitu, kwani nje hakuna mbano. Chukua bujii ya zamani, kata ncha yake ya pembeni kabisa, ifunge imara kwenye chuma cha injini kwa klipu, na utazame kama bobini inaweza kurusha cheche ya buluu yenye mlio kuvuka nafasi hiyo kubwa. Cheche nyembamba ya rangi ya machungwa ni ya bobini inayochoka au ya umeme usiofika wote.

Hatua ya tano: esansi

Wengi wetu hununua kwa bidoni kando ya barabara kwa wale tunaowaita kadhafi, hasa kituo kinapokauka. Si wote wanaochanganya, ila bidoni haina kifuniko cha kuaminika wakati wa mvua. Chukua esansi kidogo kutoka chini ya tanki au kwenye mpira kabla ya filta, itie kwenye chupa ya kioo, iache hadi kesho. Maji ni mazito kuliko esansi, yatakaa chini na mstari kati yao utaonekana wazi. Mafuta ya taa hayajitengi namna hiyo, kwa hiyo dondoshea tone juu ya karatasi nyeupe: esansi safi hukauka upesi bila kuacha doa la mafuta, na iliyochanganywa huacha doa linalodumu.

Filta ya esansi ikiwa haijulikani ilibadilishwa lini, ibadilishe. Hii ndiyo sehemu pekee ninayokubali inunuliwe bila kipimo, kwa kuwa ni ya bei ndogo na ilipaswa kubadilishwa hata hivyo. Injini ikizama baada ya kilomita kadhaa, simama, fungua kifuniko cha tanki na usikilize. Hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba, na pampu ilikuwa inanyonya dhidi ya tanki lililofungwa.

Presha ya esansi ipimwe gari likiwa kwenye hali yake mbaya. Kwa injini nyingi za Toyota za miaka ya 1990, ukichomoa mpira wa hewa wa kirekebisha presha, geji inapaswa kukaa kati ya bar 2.6 na 3. Na harufu ya esansi ndani ya mpira huo wenyewe inatosha kukuambia kwamba kiwambo cha kirekebisha kimepasuka na esansi inanyonywa moja kwa moja. Injekta husikilizwa kwa bisibisi ndefu iliyowekwa sikioni: zote zinapaswa kugonga kwa sauti moja. Upinzani wake mara nyingi huwa kati ya omu 13 na 16.

Hatua ya sita: hewa na masi

Mipira myembamba ya hewa ikizeeka hupasuka kwenye maungio. Injini ikiwa kwenye ralanti, pulizia maji ya sabuni kwenye kila mpira na kwenye jwenti ya matawi ya hewa. Ralanti ikibadilika au povu likinyonywa, umepata. Wengine hutumia esansi kwa kipimo hiki, na hivyo ndivyo magari yanavyoungua.

Waya wa masi, yaani wa kurudisha umeme kwenye betri, unaotoka kwenye injini hadi bodi husahauliwa na kila mtu. Weka multimeta kati ya betri hasi na bloku ya injini, mwenzako azungushe stata: volti isizidi 0.2 hivi. Ikizidi, fungua, sugua mpaka chuma kung'aa, funga tena. Kisha, injini ikizunguka, tikisa kwa mkono kila soketi na kila furushi la nyaya, ukianzia karibu na delko na bobini. Barabara ya Kavumu na mashimo yake hulegeza soketi kuliko umri wenyewe, na soketi iliyolegea itajibu mkono wako mara moja.

Hatua ya saba: mbano, na hesabu ya mwinuko wetu

Ikiwa umeme na esansi vimefaulu, pima mbano. Injini iwe moto, bujii zote nje, umeme wa bobini na wa injekta umekatwa, kanyagio la mafuta hadi chini, betri imejaa. Zungusha stata hadi mshale wa geji uache kupanda, na uandike kila silinda.

Hapa vitabu vinatupotosha, kwa kuwa viliandikwa kwa injini zinazopimwa karibu na usawa wa bahari. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ina msukumo pungufu kwa asilimia 15 au zaidi kidogo. Silinda haiwezi kubana hewa ambayo haikuipata. Tuseme kitabu kinataka bar 13: injini nzima kabisa hapa itaonyesha karibu 11, na fundi asiyefanya hesabu hiyo atakwambia pete zimekwisha. Geji ya mvuto wa hewa, inayopima jinsi injini inavyonyonya, nayo hupungua kwa takriban inchi moja ya zebaki kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo inchi 17 hadi 21 za kitabu huwa 12 hadi 16 kwetu. Kwa sababu hiyohiyo kabureta iliyopimwa kwa tambarare za chini hutoa esansi nyingi mno huku, bujii hujaa masizi, na mtu anayepanda kutoka Kamanyola bondeni kupitia mpando wa Ngomo huhisi gari likizidi kuwa zito kadiri anavyokaribia Nyangezi hata kama halina kasoro.

Kwa hiyo linganisha silinda na silinda kuliko silinda na kitabu. Tofauti ikizidi bar 1, tia kijiko kidogo cha oili ya injini kwenye silinda dhaifu na upime tena. Mbano ukipanda sana, pete zinavuja. Usipopanda, ni valvu. Na kabla ya kufungua kichwa, pima nafasi za valvu, kwani valvu iliyobanwa mno hukosa kufunga ikipata moto na dawa yake inaweza kuwa kurekebisha tu. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu kwa pamoja, jwenti ya kulasi imeungua kati yao, na hiyo ni kazi ya gereji yenye vifaa.

Ukishabadilisha kilichopatikana, futa kumbukumbu ya kompyuta na urudi kwenye mpando uleule, gia ileile, injini ikiwa moto vilevile. Kama kosa lilikuwa la mvua, rudia ukungu wa maji gizani. Vipuri ulivyovihamisha vikaonekana vizima, hasa bobini, vifunge kwenye karatasi yenye namba ya silinda vilikotoka, uviweke kwenye buti la gari pamoja na lile daftari.